Atakua Nalo

Sisi watu wa Segese si watu wa maji. Ng'ombe, mpunga na dhahabu, hayo ndiyo tunayoyajua. Ziwa liko mbali nasi, na mtu anaweza kuzaliwa hapa, akaoa na akazeeka asilione. Kwa hiyo nilipowaambia majirani kwamba nakwenda Mwanza kununua majaketi okozi ya watoto, mmoja wao alicheka akaniuliza kama nimejenga bandari nyuma ya choo.

Nilikuwa na sababu. Binti yangu ameolewa katika kisiwa cha Kome, upande wa Sengerema, na watoto wake pacha, Kulwa na Doto, wanasoma huku kwangu. Likizo zikifika hawana budi kuvuka. Daraja la kutoka Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 wengi wetu tulishangilia, tukaona tumeagana na vivuko. Lakini daraja hilo halifiki Kome. Kivuko kipo, ila basi likipata pancha njiani mtakikuta kimekwisha kuondoka, na hapo mtaitwa na vijana wenye mitumbwi ya injini: "Bibi, pandeni, tunasubiri watu wawili tu." Watu wawili hao hawaishi kamwe.

Safari moja tulivuka hivyo. Maji yalikuwa yakiingia kidogo kidogo na kijana mmoja akiyachota kwa kopo bila wasiwasi wowote. Jaketi zilikuwamo tatu, zote za watu wazima, na mwenye chombo alikuwa ameziweka chini akizikalia. Nilimwomba moja, nikamvika Doto. Lilimfika magotini. Nikamshika mkono mpaka tulipofika nchi kavu, na usiku ule sikulala.

Ndugu msomaji, kuna jambo ambalo sijapata kuliandika, na bila ya hilo huwezi kuelewa kwa nini bibi mstaafu wa ualimu apoteze usingizi kwa ajili ya kizibao cha rangi ya chungwa. Mwaka 1968 mdogo wangu alikufa maji katika lambo la kunyweshea ng'ombe. Malambo mengi ya Usukuma yalichimbwa wakati wa ukoloni ili mifugo ipate maji wakati wa kiangazi, nasi watoto ndio tuliokuwa tukipeleka ndama. Yeye alikuwa na miaka 6, mimi 11. Aliteleza kwenye tope akaingia palipo na kina. Mkononi nilikuwa na kibuyu cha maziwa, kitupu, chenye kizibo chake. Nikakimbia kuita watu. Nilikimbia na kibuyu kile mpaka nyumbani, nusu maili nzima, nikakiweka chini mbele ya mama ndipo nikasema. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba nilikuwa nimeshika kitu kinachoelea.

Basi, nilianza na mizani. Pacha wale wamezaliwa siku moja lakini maumbile yao ni mbalimbali: Kulwa ni mnene kama baba yake, Doto ni mwembamba mno. Niliwapeleka kwa mnunuzi wa mpunga mwenye mizani ya kuning'iniza, akawatia kwenye gunia mmoja baada ya mwingine huku watu wakicheka. Kulwa kilo 23, Doto kilo 16. Nikaziandika kwenye karatasi. Jaketi la mtoto huchaguliwa kwa uzito wala si kwa miaka, na jaketi lililotengenezwa vizuri huwa na kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani kinachotaja kilo: kwa mfano 10 hadi 20, au 20 hadi 30. Lisilo na maandishi hayo liache pale pale.

Mwanza nilizunguka maduka ya zana za uvuvi tangu asubuhi. Kwanza nilioneshwa vile vibofu vya kujaza hewa vinavyovaliwa mikononi, vyenye picha za samaki. Ni vizuri kwa macho, na kwa bei ni rahisi. Lakini hivyo ni vitu vya kuchezea: vikitobolewa na mwiba ndiyo mwisho wake, mtoto akiinua mikono huchomoka, na kibaya zaidi humfanya aamini kwamba anajua kuogelea. Kisha nikaletewa vizibao vilivyoshonwa kienyeji. Nilikiminya kimoja, kikabonyea kama godoro. Kumbe ndani ni godoro kweli, sponji la kukatakata ambalo hunywa maji badala ya kuyakataa.

Watu hushangaa ninaposema kwamba zamani majaketi ya mabaharia yalijazwa usufi, usufi huu huu wa mito ya kulalia. Nyuzi zake zina uwazi ndani na zimepakwa nta ya asili, ndiyo maana huelea, ingawa ukigandamizwa mno au ukilowa mafuta nguvu hiyo hupungua. Kabla ya hapo walitumia gome la mwaloni wa Ulaya, lile la kutengenezea vizibo vya chupa. Tarehe 15 Juni 1904 meli ya General Slocum iliwaka moto huko New York ikiwa imejaa kina mama na watoto waliokuwa wakienda kutembea. Watu zaidi ya 1,000 walikufa. Jaketi zilikuwamo kwa wingi, lakini vizibo vya ndani vilikuwa vimekaa miaka mingi mpaka vimekuwa unga. Wako kina mama waliowavika watoto wao, wakawatupa majini kwa matumaini, wakawaona wakizama. Tangu nilipoisoma habari hiyo sinunui jaketi kwa rangi yake. Naliminya, navuta mishono, nafunga na kufungua vifungio mara kumi, natazama kama lina kola ya kuinua kichwa, filimbi, na ule mkanda unaopita katikati ya mapaja.

Nikapata duka moja lenye mali nzuri. Na hapo ndipo nilipofanya upumbavu wangu.

Karatasi ya kilo nilikuwa nayo mkononi. Muuzaji, kijana mwenye adabu, akaniuliza, "Mama, watoto wana kilo ngapi?" Nikamwambia. Akanitolea yanayowafaa. Nami nikayatazama, nikahesabu pesa yangu, ambayo ilikuwa ni magunia ya mpunga niliyoyalima kwa mgongo huu, nikasema: "Hapana baba, nipe yale ya kilo 30 hadi 40. Watakua nayo."

Nani katika sisi hajasema hivyo? Sare za shule tunanunua kubwa, tunakunja pindo. Viatu tunatia karatasi mbele. Nami mwenyewe niliingia darasa la kwanza na gauni lililonifika kwenye vifundo, likanitoka darasa la nne likiwa fupi. Huo ndio uchumi wa nyumba zetu na siuonei haya. Kijana yule alijaribu kunieleza, nikamkatiza kwa sauti ya kimwalimu. Akanifungia.

Nilirudi Segese nikiwa nimeridhika. Lakini kuna kitu kilikuwa kinanitafuna, nikasema heri tujaribu kabla ya safari. Nilimwomba kijana wa jirani aliyekulia Ukerewe, anayejua kuogelea kweli kweli, tukaenda lamboni. Ndiyo, lambo lile lile. Najua habari za kichocho, nawe unijue kwamba nilizifikiria. Nilikata shauri ya dakika chache na kuwakausha upesi.

Kijana akaingia hadi kifuani akampokea Doto, jaketi likiwa limefungwa mikanda yote. Akamwachia. Jaketi likaelea barabara. Doto hakuelea. Aliinua mikono kwa hofu, jaketi likapanda, likampita kidevu, likampita masikio, na kichwa chake kikatumbukia ndani yake kama cha kobe. Kijana alimdaka mara moja, haikuwa hata nukta tatu. Mtoto alitoka akipiga chafya na kucheka. Mimi nilikuwa nimekaa chini kwenye tope na sijui nilikaa saa ngapi.

Yule kijana akanionesha jinsi ya kupima bila hata ya maji: mvike mtoto, funga kila mkanda, mwambie ainue mikono, kisha shika mabega ya jaketi uvute juu. Kidevu na masikio yakimezwa, jaketi hilo si lake. Jambo dogo hivyo. Ningeweza kulifanya pale dukani mbele ya kaunta, kwa mtoto yeyote wa umri wake aliyekuwa akipita.

Nikarudi Mwanza kwa nauli nyingine. Muuzaji hakutaka kuyapokea, akasema yamekwisha kulowa. Nikamuuliza, "Baba, jaketi la majini linauzwa kwa sharti la kutolowa?" Akacheka, akanibadilishia. Sasa Doto ana lake la kilo 10 hadi 20 na Kulwa lake la 20 hadi 30, na wakikua nitauza tena mpunga.

Wanavaa kabla ya kukanyaga chombo, si kikishaanza kuyumba. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu kabisa na gati la Ukara, abiria wakiwa wanaiona nchi kavu, na wakafa watu zaidi ya 200. Wapo wanaonicheka mtumbwini. Safari iliyopita mama mmoja mwenye mtoto mchanga hakucheka, aliniuliza bei.

Lakini siwezi kuandika juu ya ziwa nikanyamaza juu ya kijiji. Huku kwetu mvua zikinyesha, maduara yaliyoachwa na wachimbaji hujaa maji mpaka kwenye ukingo, yakawa kama madimbwi ya kuchezea, na huwezi kujua kama ni futi 3 au 30. Hakuna mtoto atakayetoka kwenda kucheza amevaa jaketi. Nyuma ya shamba langu liko moja. Aliyelichimba alihama zamani. Nimelizungushia miiba na magogo, na kwenye nguzo nimefunga dumu tupu la lita 20, limefungwa kifuniko, lina kamba ndefu. Wajukuu nimewafundisha: mwenzako akitumbukia usimfuate, mtupie dumu, ndipo upige kelele. Tunafanya mazoezi kila Jumamosi kwa kutumia mbuzi kama mhanga, jambo ambalo mbuzi hapendi.

Tuliporudi kutoka Kome nilitundika majaketi kivulini yakauke, maana jua kali huyala. Doto alikuja akasimama karibu yangu. Habari za mdogo wangu anazijua kidogo. Humwita babu mdogo, ingawa wanalingana umri.

"Bibi," akasema, "babu mdogo alikuwa na kilo ngapi?"

Nikamwambia sijui. Siku zile watoto hatukupimwa.

Akalitazama jaketi lake, kisha la Kulwa. "Basi lingemtosha langu," akasema, akaenda zake kucheza.