Duka la Mpiga Chapa

Msomaji wangu, siku hizi ukialikwa harusini au kwenye harambee, mwaliko hukufikia kwa simu ukiwa umeketi pale pale ulipo. Ukiwa na kosa, aliyeuandika hutuma mwingine kabla hujamaliza kuusoma wa kwanza. Mchango wako nao husafiri kwa simu iyo hiyo, kwa M-Pesa, iliyoanza nchini Kenya mwaka 2007. Silalamiki, maana mimi nami huchanga kwa njia hiyo. Walakini nataka nikuhadithie habari za wakati ambapo mwaliko ulikuwa kitu cha kushikwa mkononi, na kosa likishapigwa chapa halikuwa na dawa ila miguu ya mtu.

Siakago ni mji mdogo katika nchi ya Wambeere, upande wa chini wa Embu, mahali ambapo ubaridi wa Mlima Kenya umekwisha na nchi imeanza kuwa kavu. Kilima cha Kiang'ombe huonekana kutoka sokoni. Watu wa huko hulima mtama, kunde, pojo na mbaazi, hufuga mbuzi, na hutazama mawingu kwa wasiwasi mwezi Machi na mwezi Oktoba. Katika miaka ninayoisimulia palikuwa na mashamba ya pamba na tumbaku pia. Fedha zilikuja kwa msimu, zikaondoka upesi kuliko zilivyokuja, na jambo kubwa lolote lililomzidi mtu mmoja lilifanywa na wengi.

Katika mji huo palikuwa na mzee mmoja mwenye duka la chumba kimoja. Mbele aliuza madaftari, kalamu, bahasha na karatasi za mistari. Nyuma ya pazia ilikaa mashine ya kupigia chapa, Adana iliyotengenezwa Uingereza, ndogo hata mtu mmoja mwenye nguvu aliweza kuibeba. Uwanja wake wa chapa haukuzidi inchi 8 kwa 5. Haikutaka umeme. Ulipaka wino katika sahani yake ya mviringo, ukaweka kadi, ukavuta mkono wake chini. Rola zikapita juu ya herufi, herufi zikabusu karatasi, na kadi moja ikawa tayari. Kadi mia zilikuwa mivuto mia. Nilikuwa mwanafunzi wa kidato cha pili mwaka 1987, na kila likizo nilifanya kazi kwa mzee huyo, ili nipate nauli na sabuni ya kwenda nayo shule.

Labda hujapata kuona herufi za risasi. Kila herufi ni kijiti kifupi cha madini, mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni, na juu ya kichwa chake imechongwa sura ya herufi iliyogeuzwa, kama uionavyo katika kioo. Mpanga herufi huziokota moja moja kutoka katika visanduku vyake, akazipanga katika kibati alichokishika mkono wa kushoto, akisoma mstari wake kichwa chini. Ubavuni mwa kila kijiti mna mfuo mdogo. Mifuo ya mstari mzima ikielekea upande mmoja, ujue kwamba herufi zote zimesimama sawasawa. Mmoja ukipotea, iko herufi iliyosimama kwa kichwa. Kazi hii ya kupanga herufi zinazohamishika ndiyo aliyoifanya Gutenberg katika mji wa Mainz, Ujerumani, katika miaka ya 1450, na mtu wake wa wakati ule angalikuja Siakago, angalishika kazi asubuhi ile ile bila kufundishwa.

Angalisumbuliwa na jambo moja tu, lililotusumbua hata sisi. Herufi zetu zilikuwa zimegawanywa kwa hesabu ya Kiingereza. Mwingereza hutumia sana e, basi e tulikuwa nazo tele, zimelala bure kisandukuni. Lakini Kiswahili hula a, k, m na w kama nzige alavyo mtama. Neno Tunakukaribisha peke yake humeza a tatu, na hapo hujamtaja mwenyeji wala mahali. Mara nyingi mzee alikuna kichwa, akabadili maneno ya mteja ili yaenee katika herufi tulizokuwa nazo. Nadhani baadhi ya kadi zetu zilisifiwa kwa ufupi wake mzuri, na sababu ya ufupi ilikuwa uhaba wa a.

Tena palikuwa na majina. Lugha ya Kimbeere, kama ndugu yake Kikuyu, ina i na u zinazovaa kiwimbi juu, na asiyevivika viwimbi hivyo hubadili sauti, na pengine maana. Kisanduku chetu hakikuwa navyo hata kimoja. Kadi za harusi mzee aliziacha hivyo hivyo, maana bwana na bibi arusi walikuwapo kujieleza. Lakini karatasi za mazishi hakuziacha. Alikaa usiku na kalamu ya wino mweusi, akatia kiwimbi kwa mkono juu ya jina la marehemu, karatasi baada ya karatasi, hata zikiwa mia mbili. Nilimwuliza kwa nini anajitaabisha kwa kitu ambacho watu wangekisoma tu bila hicho kiwimbi. Akanijibu kwamba marehemu hawezi tena kusema jina lake mwenyewe.

Mzee alipenda kututajia Gakaara wa Wanjaũ, mwandishi na mpiga chapa wa upande wa pili wa mlima. Serikali ya kikoloni ilimkamata Oktoba 1952 kwa ajili ya maandishi yake, ikamweka kizuizini kwa miaka. Alipoachiliwa, alirudia kazi ya kuandika na kupiga chapa Kikuyu katika mji wa Karatina. Mwaka 1984 shajara yake ya kizuizini ilipata Tuzo ya Noma, waliyopewa waandishi wa Afrika. Mzee alitaka tujue kwamba mtu wa mji mdogo, mwenye mashine yake, si mtu mdogo. Sisi vijana tulisikia habari hizo mara nyingi hata tukawa tunazimalizia kabla yake, na kuzielewa hatukuzielewa.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Desemba ule alikuja mama mmoja mjane. Binti yake alikuwa amepata nafasi katika chuo cha ualimu, masomo yaanze Januari, na karo haikuwapo. Majirani walikubali kufanya harambee, neno ambalo Jomo Kenyatta aliifanya wito wa taifa mwaka 1963 na ambalo limeandikwa katika ngao ya Kenya. Siku iliyochaguliwa ilikuwa Jumamosi, tarehe 26 Desemba, kesho yake Krismasi, maana juma hilo watu wenye kazi Nairobi na Mombasa huwa wamerudi kwao. Majirani wangeambiwa kwa mdomo kanisani na sokoni. Kadi mia na hamsini zingepelekwa kwa wageni wa mbali, na hao ndio waliotegemewa kwa noti kubwa.

Mzee aliniachia kazi, akaenda Embu kununua karatasi. Kanuni ya duka ilikuwa moja tu: nakala ya kwanza husomwa na mtu wa pili kabla ya kuvuta ya pili. Nilipanga maneno tangu asubuhi. Nilipofika kwenye mstari wa tarehe, m zilikuwa zimekwisha, maana mstari wa juu ulikuwa na mama, mwenyekiti, mgeni na mchango. Nikaliacha neno Jumamosi, nikaona tarehe peke yake inatosha. Kisha nikaiokota 6 kwa haraka, nikaipachika bila kuupapasa mfuo wake. Nilivuta nakala ya kwanza, nikaisoma mwenyewe, nikaiona nzuri. Mtu wa pili hakuwapo. Ningaliweza kumngoja hadi jioni. Lakini nilikuwa na miaka kumi na sita, nami nilitaka mzee arudi akute kadi zote mia na hamsini zimekauka mezani, aseme kwamba nimekuwa fundi.

Alirudi usiku akazikuta. Alisema hivyo hasa. Alfajiri makondakta wa matatu walizichukua.

Msomaji, sita ikisimama kwa kichwa ni tisa. Neno Jumamosi lingalikuwapo, mtu angalishuku. Lakini tarehe 29 katika juma la Krismasi ni siku njema kama nyingine, na hakuna aliyeuliza.

Jumamosi ile majirani walijaa. Mbuzi walichinjwa, viti vya kanisa vilipangwa chini ya mwembe. Mzee alikaa mezani akiandika stakabadhi katika kitabu tulichokipiga chapa wenyewe, nami nilisimama nyuma yake. Watu walitoa shilingi kumi, ishirini, kuku, debe la pojo. Saa nane ikapita, saa tisa, njia ya barabarani haina vumbi la gari hata moja. Mwenyekiti akaanza kuwasema watu wa Nairobi kwamba mji umewasahaulisha kwao. Ndipo mzee alipoitoa kadi mfukoni. Niliona kidole chake kikipita juu ya maneno, kikasimama. Tarakimu ile ilikuwa imeshuka kidogo chini ya mstari, kama mlevi aliyekosa ngazi. Jicho lililokuwa likitafuta lingaliiona mara moja.

Akasimama, akavua kofia. Akasema, "Ndugu zangu, msiwalaumu wageni. Sisi ndio tuliowaambia waje Jumanne. Kosa ni la duka langu."

Nilingoja alitaje jina langu. Hakulitaja. Watu wengine walicheka, na mzee mmoja akauliza kama mbuzi aliyeliwa anaweza kurudishwa zizini. Mjane hakucheka. Alitazama viti vitupu kwa muda, kisha akasema, "Basi Jumanne wakija watatukuta."

Tuliporudi njiani gizani, mzee aliniuliza jambo moja tu: "Ule mfuo umewekwa ubavuni kwa ajili ya nani?" Nikasema, "Kwa ajili yangu, mzee." Hatukusema zaidi.

Jumatatu alinunua mbuzi kwa fedha alizokuwa ameweka kwa wino. Jumanne tukabeba viti tena. Wageni wakaja, si wote: habari kwamba harambee ilikwisha kufanywa Jumamosi zilikuwa zimeenea, na wengine walibaki makwao kwa nia njema kabisa. Waliokuja walitoa vizuri, na majirani wengi walirudi, nao wakatoa tena kidogo walichobakiwa nacho. Mimi nilitoa mshahara wangu wa likizo, nao haukuonekana hata kidogo katika hesabu. Kilichopungua kilipatikana kwa kuuzwa ng'ombe wa maziwa wa mjane, aliyekuwa naye mmoja tu. Binti alifika chuoni siku kumi baada ya wenzake.

Usinisikitikie, maana mimi sikupoteza kitu. Juma zima lililofuata mzee alinikalisha mbele ya visanduku nikiwa nimefumba macho, nitambue kwa kidole mfuo ulipo, herufi kwa herufi, hadi vidole vikawa vyeusi kwa risasi. Na tangu siku hiyo hakuna kadi iliyotoka dukani bila jina la siku. Tulipokosa m tulikwenda kwa chapa ya herufi kubwa zaidi, na kadi ikawa na sura mbaya, lakini ilisema kweli.

Nilipomaliza shule nilirudi dukani nikawa msaidizi wake. Siku moja mwaka 1995 aliingia mwalimu, mwanamke aliyevaa miwani, akataka kadi za harusi yake. Nilimjua kabla hajasema jina. Sikujua kama yeye ananijua. Alirudi siku ya pili kuona nakala ya kwanza. Aliisoma polepole, akaweka kidole chini ya mstari uliosema Jumamosi, 16 Desemba.

"Hii ni sita au tisa?" akauliza.

"Ni sita, mwalimu."

"Isome tena."

Nikaisoma tena kwa sauti, toka neno la kwanza hadi la mwisho. Akatikisa kichwa kukubali, akafungua mkoba, akaanza kuhesabu fedha.