Marehemu Harudi Katika Mwili wa Mwingine



Ni ada njema katika nyumba zetu za pwani kumpa mtoto jina la babu yake. Lakini liko neno jingine ambalo nimelisikia mara nyingi katika akika: mtoto akizaliwa baada ya mzee kufa, na ana alama kama ya mzee, watu husema, "Ndiye mwenyewe, karudi!" Asemaye kwa mzaha tumsamehe. Asemaye kwa kuitakidi na ajue analolisema.

Itikadi ya kuwa roho hutoka mwili huu ikaingia mwili mwingine wanavyuoni huiita tanasukh. Al-Biruni, aliyeandika habari za Bara Hindi yapata mwaka 1030, alieleza kuwa kwa Wahindu itikadi hiyo ni alama ya dini yao kama ilivyo shahada kwetu. Aliwaeleza kwa insafu, bila ya matusi, nasi yatupasa tukae hivyo na majirani zetu. Lakini mafunzo yetu ni mengine. Katika Sura ya 23, aya ya 99 na 100, twafunzwa kuwa mwovu akifikiwa na mauti huomba arudishwe, wala harudishwi. Mbele yake iko barzakh mpaka siku ya kufufuliwa.

Sasa itazame hatari yake. Ukiamini kuwa baba yako ndiye huyo anyonyaye, utamwombea nani dua? Deni lake la dukani utalilipa kwa ajili ya nani? Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa mtu akifa amali yake hukatika, ila kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema amwombeaye. Marehemu anaihitaji dua yako, nawe wamchekea mtoto mchanga ukidhani umekwisha kumtendea wema.

Na mtoto naye hudhulumiwa. Kufanana kwake na babu ni kwa damu aliyorithi. Yeye kaja duniani hana dhambi. Mbona mwamtwika sifa na makosa ya mtu mwingine? Kila nafsi itahesabiwa kwa iliyoyatenda.

Basi mpe mwanao jina la babu yake, kisha mfunze kumwombea huyo babu. Na kama marehemu ana deni, nenda kalilipe leo.

Wabillahi tawfiq.