Maji Ukiyavulia Nguo

Wahenga walituachia usemi kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Juma hili napenda tuutafakari usemi huo kwa njia ya jambo ambalo wengi katika familia zetu wanalifahamu, ama kwa kulipitia wenyewe ama kwa kumlipia mtoto ada: kuandika tasnifu ya shahada ya uzamili na kuifikisha mwisho. Yangu ilikuwa ya usimamizi wa biashara, na sehemu kubwa niliiandikia hapa hapa Bulyaga, usiku, baada ya shughuli za mchana kwisha na mvua ya Rungwe ikipiga mabati.

Zamani mtu wa Tukuyu aliyetaka shahada ya namna hiyo alilazimika kufunga mizigo na kuiacha nyumba yake. Mambo yalianza kubadilika Bunge lilipotunga sheria ya mwaka 1992 iliyoanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Tangu hapo mwalimu, muuguzi au karani anaweza kusoma akiwa kazini kwake, akisafiri kwenda kituo cha mkoa, kama kile cha Mbeya, pale anapohitajika. Hiyo ni neema kubwa, lakini ina mtihani wake. Masomo ya kozi yana ratiba, yana wenzako wa kujadiliana nao, yana tarehe ya mtihani. Tasnifu haina kengele. Hakuna anayekugongea mlango kukuuliza umeandika kurasa ngapi. Ndiyo maana wapo ndugu zetu wengi waliofaulu kozi zote, ila tasnifu imelala kabatini mwaka wa tatu, wa nne, wa tano. Mtaani wanasifiwa kuwa wamesoma. Wenyewe wanajua deni walilo nalo.

Kwa asiyeijua kazi hii, niseme kwa kifupi ilivyo. Kwa kawaida tasnifu ina sura tano. Ya kwanza inaeleza tatizo, ya pili inapitia yaliyoandikwa na wengine, ya tatu inaeleza mbinu za utafiti, ya nne inatoa matokeo na kuyajadili, na ya tano ina hitimisho na mapendekezo. Zipo pia kanuni za hesabu. Wanafunzi wengi wa nchi yetu hutumia kanuni ya Yamane ya mwaka 1967 kupata idadi ya watu wa kuhojiwa: kama wafanyabiashara ni 150, nawe umekubali kosa la asilimia 5, kanuni itakuambia uhoji 109. Hayo yote hufundishika. Lililo gumu halimo katika kanuni.

Nilichagua kuchunguza akina mama wanaofanya biashara ya ndizi mjini kwetu: jinsi wanavyotunza kumbukumbu za biashara, na kwa nini mikopo rasmi huwapita mbali. Ninyi mnawajua. Hununua mikungu kwa wakulima, huipanga kando ya barabara au sokoni, na mingine hupakiwa kwenye malori yaendayo Mbeya na hata Dar es Salaam. Mkungu haupimwi kwa mizani. Hupimwa kwa macho, na macho ya mama aliyezoea hayadanganyiki kirahisi.

Utaratibu wa utafiti hutaka dodoso lijaribiwe kwanza kwa watu wachache. Dodoso langu lilitumia kipimo kilichobuniwa na Mmarekani Rensis Likert mwaka 1932, ambacho mtu husomewa sentensi kisha huchagua: nakubali sana, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa. Nililitafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, na kwa bibi wengine nikalieleza kwa Kinyakyusa. Majibu yalirudi mazuri ajabu. Karibu kila mmoja alikubali sana kila kitu. Alikubali sana kwamba hutunza kumbukumbu, na alikubali sana kwamba kutunza kumbukumbu ni kugumu.

Mama mmoja, mtu mzima, ndiye aliyenifumbulia fumbo hilo. Nilimwomba radhi, nikamwuliza kwa nini amezikubali sentensi mbili zinazopingana. Akacheka kwa upole, akasema: "Mwanangu, umetembea kwenye mvua mpaka kwangu, umeniamkia vizuri, umekaa kwenye kigoda changu. Sasa nikukatalie nini? Kama unataka kujua biashara yangu, usiniulize ninakubali nini. Niulize jana nilifanya nini."

Ndugu wapendwa, katika vitabu vya mbinu za utafiti yapo maelezo marefu juu ya watu wanaojibu kwa adabu badala ya kujibu kwa ukweli. Mama yule alinipa somo lote kwa maneno machache. Nilimweleza msimamizi wangu, naye akaafiki tubadilishe dodoso. Tukaacha kuuliza maoni, tukauliza matendo. Juma lililopita ulinunua mikungu mingapi? Iliyoiva kabla ya kuuzwa uliifanyia nini? Fedha ya kununulia mzigo mwingine unaiweka wapi, na nani mwingine anajua ilipo? Mabadiliko hayo yalimaanisha miezi ya ziada, na mahafali ya mwaka ule nikayasikia redioni.

Lakini ndipo nilipoanza kuona. Mama asiye na daftari alikuwa na mafungu matatu ya fedha: moja limefungwa kwenye pindo la khanga kwa ajili ya mzigo wa kesho, la pili ni la ada ya watoto, la tatu ni la hisa za kikoba. Fungu la kwanza halikopeshwi hata kwa mume. Mwingine aliandika madeni ya wateja kwa chaki nyuma ya mlango, alama kwa kila mkungu, na deni likilipwa hufuta. Nilipouliza faida yake ni kiasi gani hakunitajia shilingi. Alinitajia mtoto aliyemaliza kidato cha nne. Kumbukumbu zipo, tena makini. Ila haziko katika umbo ambalo afisa mikopo anaweza kulisoma, na mlango ukipakwa rangi mpya historia yote ya biashara inafutika. Hilo ndilo likawa kiini cha tasnifu yangu.

Baada ya hapo likaja jaribu. Karatasi za mahojiano zilikuwa zimejaa sanduku, na mwili ulikuwa umechoka. Mtu mmoja anayefanya kazi ya kuchapa na kutoa nakala aliniambia kwa nia njema kabisa: "Mkuu, kwa nini unateseka? Lete takwimu zako na fedha kidogo, Ijumaa utakuta sura ya nne na ya tano tayari." Si jambo la ajabu siku hizi. Wapo wanaoishi kwa kuwaandikia wengine tasnifu, na katika nchi jirani ya Kenya wapo vijana wenye vipaji wanaowaandikia wanafunzi wa Ulaya na Marekani. Sasa zimekuja pia programu za akili mnemba, ambazo huandika kurasa kumi kabla chai haijapoa.

Sikutaka kumhukumu mtu yule, na sitaki kumhukumu yeyote. Lakini nilijiuliza: huyo atakayeniandikia ataandika nini juu ya ule mlango wenye chaki? Hakuuona. Ataandika sentensi nyoofu kwamba wanawake wajasiriamali hawana elimu ya kutosha ya kutunza kumbukumbu, kwa sababu ndivyo tasnifu nyingi zilivyokwisha kuandika. Wale akina mama walinipa jioni zao, wengine wakiwa hawajapika. Kulipia sentensi hiyo kungekuwa kuwafanya wameongea bure, tena kuwasingizia mbele ya watu wasiowajua. Basi nikaandika mwenyewe. Kurasa mbili usiku mmoja, nusu ukurasa usiku mwingine, na umeme ukikatika niliendelea kwa kalamu. Bandu bandu huisha gogo.

Siku ya kutetea ilifika. Watahini waliuliza maswali magumu, nami niliweza kuyajibu, si kwa akili nyingi, bali kwa sababu kila jibu lilikuwa na sura ya mtu ninayemfahamu. Nikafanya masahihisho, nikakabidhi nakala yenye jalada gumu. Kisha nikaandika kurasa mbili za Kiswahili chepesi, nikawasomea akina mama walewale. Walinisahihisha jambo moja juu ya bei za msimu wa mvua. Mmoja akauliza: "Sasa benki watausoma mlango wangu?" Nilimjibu ukweli kwamba hapana, tasnifu haina nguvu hiyo. Lakini tulikaa tukachora pamoja safu nne katika daftari la shule: mikungu niliyonunua, niliyouza, ninayodaiwa, ninayodai. Baadhi yao wanaendelea nalo, wengine wamerudi kwenye chaki. "Ndaga fijo," aliniambia yule mama mtu mzima, nami niliona haya kidogo, maana mwenye kushukuru nilipaswa kuwa mimi.

Kwako ndugu uliye na tasnifu kabatini, nina neno moja. Usifikirie cheti, wala cheo, wala watakavyokuita mtaani; hayo hayana nguvu ya kumwamsha mtu saa kumi alfajiri. Wafikirie watu waliokujibu. Mahali fulani yupo aliyeacha jembe au sufuria ili akusaidie, naye bado hajui maneno yake yaliishia wapi. Toa karatasi zile leo, soma jibu la mtu mmoja tu, kisha uandike ukurasa mmoja juu yake. Kesho utaandika wa pili.

Nawatakia juma jema lenye bidii na uaminifu.