Mtoto wa Birere anajifunza kurusha ndege

Mama yake aliuza unga katika soko la Birere, mtaa unaopakana na uwanja wa ndege wa Goma. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya abiria ilishindwa kupaa, ikapita mwisho wa njia yake na kuingia mtaani. Makumi ya watu walikufa, wengi wao watu waliokuwa chini. Mtoto alikuwa na miaka 7. Mama alirudi nyumbani usiku, na kiatu kimoja mguuni.

Leo kijana huyo anaishi Ufaransa, anafanya kazi ya usiku katika ghala la vyakula. Mama yuko Uganda, kambi ya Nakivale. Mwaka jana alimwambia mama kwa simu kwamba ameanza kujifunza urubani. Mama alinyamaza, halafu akauliza: "Papa, sasa unalipa makuta ili uanguke?"

Swali la makuta lilikuwa la haki. Nyumbani watu wanajua urubani ni wa watoto wa wakubwa. Kijana naye aliamini hivyo, mpaka alipofika kwenye klabu ya ndege karibu na mji anapoishi. Kule klabu ya ndege ni chama, si duka. Wanachama wanamiliki ndege pamoja: fundi wa magari, mwalimu wa shule, mzee wa pensheni. Mama alielewa alipoambiwa ni kama likelemba, ingawa huku hakuna anayekula kwa zamu. Kila mmoja anatoa ada ya mwaka, halafu analipa dakika alizoruka tu, mafuta yakiwa ndani ya bei. Mwalimu wake hachukui mshahara, anafundisha kwa kupenda. Jumamosi wanafunzi wanaosha ndege na kuisukuma bandani.

Hata hivyo si bure. Saa moja angani inamgharimu euro 160. Cheti anachotafuta, kile chepesi cha Ulaya kinachoitwa LAPL, kinadai angalau saa 30 za mafunzo, na wengi wanazipita. Hesabu hiyo inapanda mpaka euro 4800 na zaidi, mbali na vitabu na kipimo cha daktari. Lakini hakuna anayemdai zote mara moja. Anaruka mara mbili kwa mwezi. Mwezi ambao mama anaugua anatuma makuta Nakivale na haruki kabisa.

Ndege yenyewe ni Robin DR400, ya viti vinne, iliyotengenezwa kwa mbao na kufunikwa kitambaa. Hilo angelificha kama angekuwa na akili. Mama alicheka mpaka akakohoa: "Ya mbao? Kama chukudu?"

Kuna jambo moja lililomsaidia kuliko wenzake wageni: Kifaransa cha shule ya Goma. Kwenye viwanja vingi vidogo vya Ufaransa hakuna mnara. Marubani wanaambizana wenyewe kwa redio, kwa Kifaransa, nani anatua na nani anangoja. Aliyelala darasani wakati wa somo hilo angepata shida.

Vijana wa Nakivale wanaosikia habari yake wanauliza kama sasa atapata kazi kwenye kampuni. Hapana. Kwa cheti hicho mtu haruhusiwi kulipwa kwa kurusha ndege, na hakitambuliwi nje ya Ulaya. Mama aliuliza kama siku moja atakuja kutua Goma, kwenye uwanja uliofungwa mwisho wa Januari 2025 vita ilipoingia mji. Hapo pia alijibu hapana, akabadilisha mazungumzo.

Mwezi uliopita mwalimu alishuka katikati ya somo, akamwambia azunguke peke yake. Bila uzito wa mtu wa pili ndege iliruka upesi mpaka akashtuka. Alizunguka mara tatu, akatua mara tatu. Mara ya mwisho aliona chini soko la Jumapili, mahema yake, watu wakitembea na vikapu, na akapita mbali nalo kuliko alivyofundishwa.

Jioni alituma sauti kwa WhatsApp. Mama aliisikiliza mara mbili, halafu akajibu kwa swali moja: "Na huyo mwalimu, alishuka kwa nini?"