Tuwatandikie Mkeka

Bibi akipiga simu kutoka Tanga huuliza kwanza: "Mjukuu wangu anatambaa? Anasimama dede?" Kwetu sisi tulio London, swali hilo ni zito.

Hofu tunayo, na ina sababu. Fleti ni ndogo, hita inaunguza, jirani wa chini hugonga dari akisikia kishindo. Basi mtoto hutoka kiti cha gari akaingia kigarini, akitoka humo yu mapajani. Siku hukwisha hajagusa sakafu.

Tangu 1991 wazazi wa Uingereza huhimizwa kumlaza mtoto chali, kumkinga na kifo cha ghafla usingizini. Agizo hilo tulishike. Lakini chali ni kwa kulala. Akiwa macho alazwe kifudifudi, mtu mzima akiwa kando. Ndipo hukaza shingo, husukuma kwa mikono, na mgongo hupata nguvu ya kukaa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa asiyeanza kutambaa alazwe hivyo walau dakika 30 kwa siku, kidogo kidogo, wala asifungwe kitini zaidi ya saa moja mfululizo.

Tusishindanishe watoto. Wapo watembeao kwa miezi 9, wapo wa miezi 17, wote wazima.

Nyumbani kwetu tumesogeza meza, tumeziba soketi, tumetandika mkeka. Mtoto huanguka kwa makalio, hulia, kisha huinuka. Kuinuka huko hakuna awezaye kumfanyia.