Kipando na Mizani Yake

Katika neema ambazo Mwenyezi Mungu Mtukufu amewaneemesha waja wake ni neema ya kipando. Sura ya An-Nahl imetaja farasi, nyumbu na punda, kisha ikaeleza kwamba Mungu huumba na mengine tusiyoyajua. Na wako wanavyuoni wa zama hizi walioingiza motokaa katika hayo mengine. Basi mwenye motokaa ana neema mkononi, na kila neema ina suala lake Siku ya Kiyama. Kwa ajili hiyo hatuoni vibaya kuzungumza katika kurasa hizi juu ya springi na magurudumu, maana jambo hili limeingia katika nyumba nyingi za Waislamu huku kwetu Shinyanga, nalo lina hatari ambayo wengi hawaitazami.

Sisi wakaazi wa Ibadakuli na vijiji vya jirani twaishi juu ya udongo wa namna mbili. Penye mwinuko ni mchanga. Bondeni ni mbuga, yaani ule udongo mweusi ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mguu, na mvua za Novemba zikianza huvimba, ukanata, ukishika tairi hauachi. Barabara kuu ziendazo Mwanza na Kahama zina lami, alhamdulillahi. Lakini madrasa za vijijini hazikujengwa juu ya lami, na mgonjwa hachagui pa kuugulia.

Kwa sababu hiyo watu wa huku wamezipenda mno Suzuki ndogo za zamani zenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Hapo kale gari la porini lilikuwa Land Rover, iliyoanza kuonekana mwaka 1948, nayo ni nzito. Wajapani wa Suzuki walitoa gari lao dogo la namna hii mwaka 1970, likiitwa LJ10, lenye injini ya sentimita za ujazo 359. Mwaka 1981 ikaja SJ410, yenye injini ya 970 na gia nne, kisha SJ413, yenye injini ya 1,324 na gia tano. Gari la SJ410 likiwa tupu halifiki tani moja. Toka gurudumu la mbele hata la nyuma ni sentimita 203 tu. Nalo lina gia nzito ya kutambalia matopeni. Penye matope jepesi hupita pale zito linapozama. Hiyo ndiyo siri ya gari hili, na yafaa ikumbukwe, maana marekebisho mengi ya siku hizi huiharibu siri hiyo hiyo.

Madrasa yetu inayo SJ410 moja iliyonunuliwa kwa michango ya wazazi, huyu akitoa fedha, yule akitoa gunia la mpunga. Kazi yake ni kuwapeleka waalimu vijijini na kuwafikisha wagonjwa hospitali. Ilipochakaa, wazazi wakachanga tena ili itengenezwe. Hapo vijana wetu wakaja na shauri. Walikuwa wameona katika simu zao magari ya namna hii yaliyonyanyuliwa juu kama ngamia na kuvishwa matairi mapana, wakataka na letu lifanywe hivyo.

Hatukuwadharau, kwani shauri lao lilikuwa na maana. Katika gari hizi springi hupita chini ya ekseli. Fundi akizihamisha akaziweka juu ya ekseli, bodi hupanda zaidi ya sentimita 10, na tumbo la gari halikwaruzi tena matuta. Lakini tuliwaomba tukae tupige hesabu ya faida na hasara, kama mtu apigavyo hesabu ya mirathi, asimsahau mrithi hata mmoja.

Hesabu ya kwanza: kuhamisha springi hunyanyua bodi tu. Difu hubaki kimo kile kile, nalo ndilo linalokwama kwanza katikati ya mifereji iliyochimbwa na malori. Kinachonyanyua difu ni tairi kubwa peke yake. Na tairi likizidi kimo kwa sentimita 5, difu hupanda sentimita 2 na nusu, basi.

Hesabu ya pili: tairi kubwa hutozwa kodi. Likizidi kimo kwa sehemu moja katika kumi, kipima mwendo kikisema 50, gari kwa hakika lakwenda 55. Injini ndogo huelemewa, kwa kuwa ni kama gia zote zimefanywa nyepesi kwa mwendo na dhaifu kwa nguvu. Breki nazo hupungua, maana zinashindana na gurudumu refu kuliko lile zilizopimiwa.

Hesabu ya tatu: bodi ikipanda, mipira ya breki huvutika, propela huinama pembe isiyo yake, na vyuma vya usukani hukaa upande. Fundi asiyeyarekebisha yote hayo amefanya nusu ya kazi, na hiyo nusu iliyobaki ndiyo inayoua.

Hesabu ya nne ndiyo iliyo nzito. Gari hili upana wake ni kama mita moja na nusu. Kitu chembamba kikirefushwa huwa chepesi kupinduka. Hilo hata mtoto ajengaye mnara wa matofali alijua. Huko Marekani mwaka 1988 jumuiya ya wanunuzi ilitangaza kwamba Suzuki ya namna hii, ambayo huko ikiitwa Samurai, hupinduka kwa urahisi ikikatishwa kona ghafla. Kampuni ikakana, ikafungua mashtaka mwaka 1996, na wakapatana mwaka 2004. Hatuwahukumu. Twasema hivi tu: ubishi wao ulikuwa juu ya gari lililotoka kiwandani kwa kimo chake cha asili. Je, lililoongezwa sentimita 10 na zaidi, na nyuma wameketi watoto sita wa madrasa?

Twawasomesha watoto Sura ya Ar-Rahman, ambamo mizani imetajwa na watu wakaonywa wasiipindukie. Wengi hudhani ni mizani ya dukani peke yake. Motokaa nayo imepimwa: uzito, kimo, breki na nguvu vimewekwa vikitazamana. Kila sentimita unayoiongeza juu umeikopa mahali, na mara nyingi mwenye kulipa deni ni abiria ambaye hakuulizwa.

Basi fedha za wazazi tulizitumia hivi. Kwanza breki zote, kisha vyuma na bushi za usukani. Springi mpya za kimo kile kile. Matairi yenye meno yaliyoachana, ambayo hutema matope, yakizidi ya awali kwa sentimita 5 tu. Vipumulio vya difu vikaungiwa mipira na kupandishwa juu karibu na injini. Kwani difu lililopata moto likitumbukia majini hupoa ghafla, likavuta maji ndani, na oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Ndoano mbili imara katika chesisi, ubao mpana wa kuweka chini ya jeki, na mikanda kwa kila kiti. Gari likatoka gereji halina jipya la kutazamwa, na vijana wakanuna.

Masika yaliyofuata likatupata la kutupata. Usiku mmoja tulikuwa tumembeba mama mwenye homa kali, tukakuta kijito kimejaa na maji yanakwenda kwa nguvu. Kijana aliyekuwa usukanini akasema: "Maalim, tungeliliinua gari hili, sasa tungelikuwa ng'ambo." Maneno hayo yalikuwa mazito, na mumewe mgonjwa alikuwa akisikia. Tulimjibu kwamba maji yaendayo hayapimwi kwa kina peke yake. Gari jepesi husukumwa hata lililo refu, na lililo refu likisukumwa huanguka upesi zaidi. Tukangoja. Tulimkanda maji yule mama, tukasoma na kuomba, tangu baada ya Isha hata karibu na Alfajiri maji yalipopungua. Tukavuka kwa gia nzito, polepole, akafika hospitali yu hai. Hatudai kwamba kungoja ni kwepesi. Usiku ule ulikuwa mrefu kuliko tunavyoweza kuandika.

Enyi wenye nyumba, mkitaka kutengeneza kipando chenu, jiulizeni kwanza: ni haja au ni fahari? Ikiwa ni haja, mtafuteni fundi anayejua breki kabla ya yule anayejua kunyanyua. Mkibadili injini, hakikisheni kadi ya gari yaeleza injini iliyomo. Nanyi vijana, ustadi wenu twauhitaji. Mikono iliyofunga vile vipumulio ilikuwa ni yenu.

Tukipanda husoma dua ya safari, inayotukumbusha kwamba kipando hiki tumetiishiwa, na kwamba kwa Mola wetu ndiko tutakakorejea. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wachungaji wema wa amana zake, na awafikishe salama wasafiri wetu wote. Amin.