Kalamu Kabla ya Kitufe

Ripoti yangu ilirudi na maneno ya wino mwekundu ukurasa wa kwanza: "Vigezo vyako vinahusiana. Vichambue kwa pamoja, si kimoja kimoja."

Mimi ni afisa maendeleo ya jamii katika wilaya moja mkoani Singida. Wakati huo nilikuwa nasoma shahada ya uzamili kwa masafa, huku kazi ikiendelea na watoto wawili wakinisubiri nyumbani. Nilikuwa nimezunguka vijijini kwa pikipiki nikiuliza kila kaya maswali yale yale: paa ni la bati au la udongo, sakafu ni ya saruji au ya vumbi, maji mnachota wapi, mna redio, mna ng'ombe wangapi, mnalima ekari ngapi, mnapata shilingi ngapi kwa msimu. Majibu nilikuwa nayo, tele. Njia ya kuyasoma yote kwa mara moja ndiyo sikuwa nayo.

Nilimpigia msimamizi wangu. "Dada, huo unaitwa uchambuzi wa takwimu wenye vigezo vingi," aliniambia. "Masomo yake yamejaa mtandaoni, jisomee." Nilimshukuru, nikakata simu, nikakaa kwenye ngazi za ofisi nikiwa nimeishiwa nguvu. Hesabu nilipata F kidato cha nne. Tangu siku ile nilijiambia kwamba hesabu zina wenyewe, na mimi si mmoja wao.

Nilianza kusoma kwa bando la usiku, kwa kuwa ndilo nililoweza kulimudu. Nilikuwa nalala na watoto saa tatu, saa sita naamka, nawasha kompyuta ya mtumba niliyonunua kwa mkopo, naunganisha na simu. Programu ya R ya kuchambulia takwimu ilikuwa ya bure, kazi iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, New Zealand. Masomo ya matriksi, yaani yale majedwali ya namba yanayotumika katika uchambuzi huo, niliyapata kwa profesa Gilbert Strang wa MIT, Marekani, ambaye mihadhara yake imewekwa wazi kwa kila mtu. Nilifarijika kumwona akiandika kwa chaki ubaoni kama walimu wetu. Lakini alikuwa akifika mwisho wa ubao mimi bado niko mstari wa pili. Narudisha video nyuma, nasikiliza tena, bando linaisha. Umeme ukikatika, usiku huo umekwenda.

Baada ya miezi miwili nilijiona nimefika. Nilijifunza kwamba ipo mbinu ya kutafuta vijenzi vikuu, aliyoianzisha Karl Pearson mwaka 1901 na Harold Hotelling akaiendeleza mwaka 1933. Mbinu hiyo huchukua safu nyingi za data na kuzikusanya katika mielekeo michache inayobeba habari nyingi zaidi. Nilinakili msimbo, nikaingiza data zangu, nikabonyeza kitufe. Kijenzi cha kwanza kikajibu kwamba chenyewe kimebeba karibu mtawanyiko wote. Nilimwamsha mume wangu kumwonyesha. Asubuhi nikatuma.

Jibu la msimamizi lilikuwa swali: "Umeviweka vipimo kwenye mizani moja?" Sikuwa nimefanya hivyo. Mapato ya laki tatu yalikuwa yameandikwa 300,000, na shamba la ekari tatu limeandikwa 3. Mbele ya laki tatu, ekari tatu hazionekani. Programu ilikuwa imeziona shilingi peke yake, na paa, ng'ombe na sakafu za watu wote wale zilikuwa zimefutika. Juma hilohilo mwanangu mdogo akalazwa kwa malaria. Nikiwa pembeni ya kitanda chake niliandika barua ya kuahirisha masomo. Niliikunja nikaiweka ndani ya daftari.

Barua ile sikuituma, na sababu ni jirani yangu, mwalimu mstaafu wa hesabu. Alikuja kumjulia hali mtoto.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

Nilimweleza habari za mtoto, na bila kutarajia nikamweleza na za masomo. Aliomba kuliona daftari. Takwimu za namna hiyo hakuwahi kuzisoma, lakini alisimama kwenye mfano mmoja nilioushindwa: vigezo viwili vyenye uhusiano wa 0.6, na matriksi yake ndogo yenye 1 na 0.6 juu, 0.6 na 1 chini. Nilitakiwa kutafuta thamani zake aigeni, yaani namba zinazoonyesha kila mwelekeo unabeba kiasi gani cha habari. Aliniuliza kanuni inasemaje, nikamsomea. Akachukua kalamu, akaandika: mabano, 1 kutoa x, funga mabano, kipeo cha pili, sawasawa na 0.36.

"Mwanangu, hii ni kidato cha pili. Kipeuo cha pili cha 0.36 ni ngapi?"

"Ni 0.6, Mwalimu."

"Chanya au hasi?"

"Zote mbili."

"Basi x ni ngapi?"

Niliandika mwenyewe: 0.4 na 1.6. Jumla yake 2, sawa na idadi ya vigezo. Ile 1.6 ni asilimia 80 ya 2. Yaani mwelekeo mmoja unabeba asilimia 80 ya habari zote, na uliobaki asilimia 20. Nikaendelea kutafuta mielekeo yenyewe, nikakuta wa kwanza ni kuvijumlisha vigezo viwili, na wa pili ni kutoa kimoja kwenye kingine. Jumla na tofauti, basi! Nilitokwa na machozi pale pale wodini. Kwa miezi miwili nilikuwa nabonyeza kitufe bila kujua ndani yake mna nini, na kumbe ndani mlikuwa na kitu ninachoweza kukifanya kwa kalamu.

Tangu siku hiyo nilibadili utaratibu: kila jambo jipya nililifanya kwanza kwa mkono, kwa namba ndogo, ndipo nikaliendea kwenye kompyuta. Nilijipima kwa data maarufu za maua ya airisi ambazo Ronald Fisher alizitumia mwaka 1936: maua 150, kila ua na vipimo vinne. Bila kusawazisha mizani, kijenzi cha kwanza kilibeba asilimia 92. Baada ya kusawazisha, asilimia 73. Safari hii nilijua kwa nini.

Nikarudi kwenye kaya zangu. Kijenzi cha kwanza kilikuwa kama ile jumla: bati, saruji, redio, maji ya karibu, vyote vikivuta upande mmoja. Kwa njia ya namna hii ndivyo tafiti kubwa za afya ya uzazi na mtoto zinavyozigawa kaya katika makundi matano, kutoka maskini kabisa hadi wenye nafuu zaidi, tangu Deon Filmer na Lant Pritchett walipoonyesha kwamba mali za nyumbani zinaweza kueleza hali ya familia. Lakini kijenzi cha pili kilinishika mkono. Kilikuwa ile tofauti: ng'ombe na ekari upande huu, bati na saruji upande ule. Nikawakumbuka wazee niliowakuta kwenye nyumba za tembe, paa la udongo, sakafu ya vumbi, na zizi limejaa. Kwa kipimo cha kwanza walionekana hohehahe. Kuna mama pia niliyemkuta chini ya bati linalong'aa, asiye hata na mbuzi, anayenunua unga kwa kibaba. Huyo alionekana ana nafuu. Kama ningeishia kwenye kijenzi cha kwanza, msaada wowote wa kaya maskini ungemruka.

Tasnifu yangu ilipita. Mwanangu alipona, namshukuru Mungu. Barua ya kuahirisha bado imo ndani ya daftari lile, na siku hizi nawaonyesha wenzangu wa halmashauri ninaokaa nao Jumamosi tukijifunza. Tunaanza na matriksi yenye namba nne, kila mtu na karatasi yake, kompyuta zikiwa zimefungwa.

Ndugu unayesoma usiku peke yako, mtandao utakupa mwalimu wa bure kutoka mbali, nawe mpokee kwa mikono miwili. Ukikwama, usione haya kugonga mlango wa jirani. Chukua mfano mdogo kuliko yote, uufanye kwa kalamu mpaka mwisho, ndipo ubonyeze kitufe. Nyuma ya kila mstari wa data yako yupo mtu aliyekufungulia mlango na kukujibu kwa uaminifu, na anastahili asomwe na mtu anayeelewa anachokifanya.